Maswali ya Wasomaji: Kuhamisha Picha Chinichini Bila Kumkwamisha Msanii

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Katika studio yetu ndogo hapa Dar es Salaam tunatengeneza madoido ya picha kwa ajili ya matangazo ya biashara. Kompyuta yetu kuu inatumia Linux, ina kumbukumbu ya gigabaiti 128 na diski za NVMe (aina ya diski zenye kasi kubwa), na imeunganishwa na seva kwa mtandao wa gigabiti 10. Tunatumia rsync, programu ya kunakili faili, kuvuta fremu za DPX (faili za picha, moja kwa kila fremu) kutoka kwenye seva hadi diski za ndani huku msanii akiendelea na kazi yake. Kila uhamishaji unapoanza, picha zinachezwa kwa kukwamakwama, na hata tulipoiendesha rsync chini ya ionice, amri ya kuipangia programu kipaumbele cha kutumia diski, katika daraja la chini kabisa, hali haikubadilika. Je, tununue mtandao wenye kasi zaidi?

JIBU: Msinunue chochote kwa sasa. Fremu moja ya DPX yenye pikseli 3840 kwa 2160, kwa biti 10 kwa kila rangi, ina megabaiti 33 hivi, kwa kuwa kila pikseli huchukua baiti 4. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kuzicheza tu kunahitaji takribani megabaiti 829 kila sekunde, ilhali mtandao wa gigabiti 10 hauwezi, hata kwa hesabu ya karatasini, kupitisha zaidi ya megabaiti 1,250. Kama msanii wenu angekuwa anacheza picha moja kwa moja kutoka kwenye seva, zingebaki megabaiti 420 tu, na rsync isiyowekewa mpaka ingezigombania zote na nyingine zaidi. Lakini mmeeleza kwamba anacheza kutoka kwenye diski za ndani. Kwa hiyo kebo siyo mahali pa kutafuta kosa: mgongano uko kwenye diski na kwenye kumbukumbu, na mtandao wa kasi zaidi utauongeza, kwa sababu data itazifikia diski hizo kwa wingi mkubwa kuliko sasa.

Ionice haikuwasaidia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba madaraja yake hufanya kazi pale tu ambapo mpangaji wa foleni wa diski, yaani sehemu ya Linux inayoamua ombi lipi litangulie, anayatambua, na diski nyingi za NVMe kwenye Linux huwekwa bila mpangaji wowote. Someni faili la /sys/block/nvme0n1/queue/scheduler, mkibadilisha jina la diski kulingana na yenu. Mkikuta neno none limewekwa ndani ya mabano ya mraba, basi amri yenu ilipokelewa na haikutekelezwa na yeyote. Sababu ya pili ina uzito zaidi. Rsync inapoandika, data haiendi kwenye diski papo hapo, bali inawekwa kwanza kwenye kumbukumbu, kisha kiini cha Linux (kernel) ndicho kinachoimwaga kwenye diski baadaye, kwa wakati wake na kwa jina lake chenyewe. Daraja mliloipa rsync haliifuati data hiyo.

Hapo ndipo tatizo lenu lilipo. Kwa mpangilio wa kawaida, kiini huanza kumwaga data iliyosubiri inapofikia asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, na huzizuia programu zinazoandika inapofikia asilimia 20. Mipaka hiyo inafaa kompyuta ndogo, lakini kwenye mashine ya gigabaiti 128 ina maana kwamba zaidi ya gigabaiti 10 zinaweza kulimbikizwa kabla ya kumwagwa kwa mkupuo, na katika dakika hiyo hiyo msanii anaomba fremu yake mpya kila baada ya milisekunde 40. Diski inaweza kuwa na kasi nzuri ya wastani kwa saa nzima na bado ichelewe kwa sekunde moja, nayo sekunde hiyo ni fremu 25 ambazo mteja aliyeketi nyuma ya msanii anaziona zikiruka.

Ningefanya mambo mawili, kwa mpangilio huu. Kwanza, iwekeeni rsync mpaka wa kasi kwa kutumia --bwlimit=200m, ambao ni megabaiti 200 hivi kwa sekunde. Dakika moja ya picha, yaani fremu 1,500 zenye jumla ya karibu gigabaiti 50, itafika kwa muda wa dakika nne na zaidi kidogo, na kwa kazi ya chinichini muda huo unatosha kabisa. Ninapendelea mpaka huu kuliko dawa nyingine zote kwa sababu unazuia data kwenye chanzo, kabla haijafika mahali ambapo hakuna anayeweza kuipanga. Pili, punguzeni limbikizo lenyewe: wekeni vm.dirty_background_bytes, yaani kiwango cha kuanza kumwaga, kwenye megabaiti 256 na vm.dirty_bytes, yaani kiwango cha kuzizuia programu, kwenye gigabaiti 1, mkikumbuka kwamba thamani zote mbili huandikwa kwa baiti, katika faili lililo ndani ya /etc/sysctl.d ili zisipotee kompyuta inapozimwa. Vipimo hivyo ni vya kuanzia. Mwacheni msanii acheze tukio lililo zito kuliko yote huku uhamishaji ukiendelea, pandisheni mpaka wa rsync hatua kwa hatua hadi picha zianze kuruka, kisha mrudi nyuma kwa kiasi cha kutosha.

Mkiona bado kuna mkwamo, tengeni diski moja kwa ajili ya kupokea fremu zinazoingia. Diski ya ziada ni nafuu kuliko swichi mpya ya mtandao, na kwa maoni yangu inafaa kutangulia hata kama fedha za swichi zipo.

SWALI: Mimi nasimamia kompyuta za studio moja Nairobi. Tumeweka rsync iendeshwe kila baada ya dakika kumi, na ili isipoteze muda tukaongeza --size-only, inayoifanya ilinganishe faili kwa ukubwa peke yake. Mara mbili sasa msanii amepeleka kwa mteja tukio lenye kosa lililokwisha kurekebishwa, ingawa kwenye seva toleo sahihi lipo. Pia wakati mwingine programu inafungua fremu ambazo nusu yake ya chini ni nyeusi. Je, diski zetu zinaharibika?

JIBU: Dalili ulizoeleza hazitoshi kuzituhumu diski. Fremu za DPX ambazo hazijabanwa, zikiwa za tukio moja, zote zina ukubwa uleule hadi baiti ya mwisho, iwe zimejaa moto na moshi au ni nyeusi tupu. Kwa hiyo msanii anapotengeneza upya fremu 40 na kuziandika juu ya zile za zamani, rsync iliyoamriwa kutazama ukubwa peke yake haioni tofauti yoyote na inaziruka. Ondoa --size-only leo hii. Tumia -a, ambayo pamoja na mengine huhifadhi saa ambayo faili lilibadilishwa mara ya mwisho, ili ulinganisho uwe wa ukubwa na wa saa. Amri ya --size-only ina mahali pake panapofaa, lakini fremu zisizobanwa si mahali hapo, na inanisikitisha kuiona ikipendekezwa kwa studio bila onyo.

Kuhusu fremu zenye nusu nyeusi, rsync kwa kawaida huandika kwanza kwenye faili la muda lililofichwa, lenye jina linaloanza na nukta, kisha hulibadilisha jina faili linapokamilika. Ukiona faili nusu, ama umeweka --inplace, inayoandika moja kwa moja juu ya faili lenyewe, ama mtu anatumia cp, amri ya kawaida ya kunakili, ama rsync inasoma upande wa seva wakati programu ya kutengeneza picha bado inaandika fremu hiyo. Hali hii ya tatu ndiyo ninayoishuku zaidi katika studio inayovuta kila baada ya dakika kumi, kwani rsync inanakili kwa uaminifu kile ilichokikuta. Tiba ni kuziandika fremu kwenye folda ya muda huko huko kwenye seva, na folda hiyo ibadilishwe jina pale tu tukio zima linapokamilika na idadi ya fremu inapohakikishwa. Folda zote mbili ziwe kwenye mfumo mmoja wa faili. Zikiwa kwenye mifumo miwili tofauti, mv, amri ya kubadilisha jina, itageuka kuwa kunakili, na faili nusu zitaonekana tena.

Kwa matukio yanayokwenda kwa mteja, ongeza uhakiki wa maudhui: rudia amri ileile ukiongeza -c, -n na -i, nayo itasoma pande zote mbili na kukuonyesha zinapotofautiana bila kuhamisha kitu. Uhakiki huu husoma kila baiti, hivyo uendeshwe usiku. Kuna faida nyingine ya kusubiri usiku: mara tu baada ya uhamishaji, data huwa bado imo kwenye kumbukumbu, na unaweza kudhani umehakiki diski kumbe umesoma kumbukumbu.

SWALI: Tunatumia Flame, programu ya madoido ya picha, na tumeshauriwa kuachana na rsync ili kazi zote za chinichini zipitie Backburner, mfumo wa kupanga kazi kwenye foleni. Je, kuna haja?

JIBU: Inategemea idadi ya kompyuta. Backburner ina meneja anayepanga foleni, seva zinazotekeleza kazi, na dirisha la kufuatilia maendeleo yake. Kwa kompyuta moja, kwa upande wa uhamishaji wa faili, rsync yenye mpaka inatosha. Mkiwa na kompyuta tano, kila moja ikiwa na mpaka wake wa megabaiti 300, kwa pamoja zinaweza kuiomba seva megabaiti 1,500 kwa sekunde, nayo kadi moja ya gigabiti 10 haifiki hapo. Hakuna rsync hata moja inayojua habari za zile nyingine. Ni hapo ambapo foleni moja inayotazama kazi zote huanza kuwa na maana, na kabla ya kufikia hapo mtakuwa mnaongeza programu ya kutunza bila kupata msaada wake.