Leseni ya biashara haitoshi kununua korosho

Kila msimu ukikaribia hapa Mtwara, vijana wenye mtaji kidogo hunifuata na swali lilelile: "Mzee, leseni ya biashara ninayo, nianze kununua korosho?" Hapana, mwanangu. Leseni ya halmashauri ni ya duka lako. Tangu msimu wa 2007/08 korosho ghafi inapita kwenye stakabadhi ghalani: mkulima anaipeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, inapimwa na kupangwa daraja, inakwenda ghala kuu, kisha inauzwa mnadani kwa mnunuzi aliyesajiliwa na kupewa leseni na Bodi ya Korosho. Kwenda kuinunua mlangoni kwa mkulima ndiyo kangomba yenyewe.

Kangomba hunawiri kabla ya mavuno. Mikorosho inatoa maua, chakula ndani kimekwisha, mtoto anaumwa. Hapo anatokea mtu na noti mkononi. Anainunua korosho ikingali mtini, au baadaye anaipima kwa kopo linalobeba zaidi ya kilo na kuihesabu kilo moja. Wengine huita huo msaada. Mimi nauita wizi, kwa sababu anayeuza hana nafasi ya kukataa.

Lakini mzigo huo hauwezi kufika ghalani bila jina la mkulima na bila karani wa AMCOS kufumba macho. Ninyi makarani wapya, hapa ndipo mtakapojaribiwa. Nilikuwa mizani miaka mingi. Msimu mmoja bibi mmoja, ambaye shamba lake nalijua na miti yake haifiki ishirini, aliandikwa kwenye daftari letu kuwa ameleta zaidi ya tani mbili. Fedha zilipoingia kwenye akaunti yake, kuna kijana alimsindikiza benki, akazichukua, akamwachia za nauli na sukari. Stakabadhi ile niliiandika mimi, wala sikuuliza kitu. Hadi leo inaniuma.

Kama mtaji ni mdogo, zipo kazi halali msimu mzima: kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, mashamba ya watu kwa mashine yako, kuuza magunia, kusomba mizigo.

Na wewe karani, kabla gunia halijapanda mizani, angalia kama stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani hiyo ni ya mwaka huu. Kisha umuulize kwa adabu aliyeleta: shamba liko wapi, na lina miti mingapi? Mkulima hujibu papo hapo.