Jedwali linaloruka ukurasa: kagua aya kabla ya kukagua jedwali

Mwalimu, umeeleza kwamba jedwali la azimio lako la kazi (mpango wa ufundishaji), uliloliandika kwa Word kwenye A4 iliyolazwa, linaacha nusu ya ukurasa wa kwanza ikiwa tupu na kuanzia ukurasa wa pili, na kwamba hata ukifuta mistari mitupu iliyo juu yake hakuna kinachobadilika; tena baada ya jedwali hubaki ukurasa mtupu. Mimi huchapa na kupanga nyaraka za walimu katika steshenari, na majedwali yenye tatizo hili huletwa kwetu kila muhula unapokaribia kufunguliwa. Mara nyingi chanzo hakiko kwenye jedwali lenyewe, bali kwenye aya zilizomo ndani ya seli zake, na ndiyo maana wengi hukihangaikia wasikione.

Bonyeza Ctrl+Shift+8 ili alama zilizofichwa zijitokeze, kisha tazama upande wa kushoto wa maandishi ndani ya kila seli. Ukiona kimraba cheusi, kidogo kuliko herufi, kando ya mstari, ujue kwamba kwa kawaida aya hiyo imeagizwa ama kubaki pamoja na aya inayofuata, ama kutokatwa katikati, ama kuanza ukurasa mpya. Safu mlalo yenye agizo la kwanza huing'ang'ania safu iliyo chini yake. Safu zote zikiwa nalo, jedwali zima hushikamana, na Word hulihamishia ukurasa unaofuata badala ya kulikata mahali ulipotarajia.

Agizo hilo huingia bila mwandishi kujua. Mtu hutaka maneno ya umahiri mkuu yakolee, akachagua mtindo wa Heading 1 au Heading 2 kwa sababu unapendeza, wakati mitindo hiyo huja na "Keep with next" ikiwa imeshawashwa, kusudi kichwa cha habari kisibaki peke yake chini ya ukurasa. Katika matini ya kawaida huo ni mpango mzuri sana, lakini ndani ya jedwali huleta usumbufu huu unaoulalamikia. Kwa hiyo teua jedwali lote kwa kubofya alama ya mishale minne iliyo kwenye pembe yake ya juu kushoto, fungua dirisha la "Paragraph", nenda kwenye "Line and Page Breaks", uondoe "Keep with next", "Keep lines together" na "Page break before". Kwa kuwa seli zako zina mipangilio tofauti, visanduku hivyo huenda vikaonyesha alama ambayo si tiki wala si utupu; endelea kubofya mpaka kila kimoja kiwe tupu kabisa, la sivyo aya zenye agizo zitabaki nalo. Maneno unayotaka yakolee yarudishe kwenye mtindo wa Normal, kisha uyakoleze kwa Ctrl+B.

Hali ikiendelea, bofya ndani ya jedwali kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue "Table Properties". Kwenye "Table", sehemu ya "Text wrapping" iwe "None". Jedwali likiwahi kuburutwa kwa kipanya, mpangilio huo unaweza kugeuka kuwa "Around", na hapo hukaa ukurasani kama picha inayoelea, hata safu ya vichwa ikagoma kujirudia. Kwenye "Row" utakuta "Allow row to break across pages". Kwa azimio la kazi nakushauri uweke tiki, kwa kuwa seli moja ya shughuli za ujifunzaji inaweza kujaza nusu ukurasa, na safu isiyokatika itakuachia pengo kubwa. Kwa orodha ya matokeo ninashauri kinyume chake kwa msisitizo, maana jina la mwanafunzi likibaki ukurasa mmoja na sehemu ya taarifa zake ikahamia mwingine, ni rahisi alama kusomwa vibaya. Papo hapo angalia "Specify height": ikiwa imewekwa "Exactly", ibadilishe iwe "At least", kwa sababu maneno yanayozidi kimo hicho hufichwa na hayatachapwa.

Nakuomba sana usilisukume jedwali kwa kubonyeza Enter mfululizo, wala usilikate kwa Ctrl+Enter. Hati ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti uliyotumia, mistari hujipanga upya na mapengo hayo huhamia mahali pengine; tena vichwa vilivyowekewa "Repeat as header row" hujirudia pale tu ukurasa unapokatika wenyewe, si pale ulipoukata kwa mkono.

Wanaotumia LibreOffice Writer watapata mipangilio inayofanana na hii kwenye sifa za jedwali, chini ya "Text Flow".

Kuhusu ule ukurasa mtupu baada ya jedwali, unatokana na aya ambayo Word huiweka lazima chini ya kila jedwali linalomalizia hati, nayo haifutiki. Weka kishale chako kwenye aya hiyo, punguza fonti iwe 1, nafasi kati ya mistari iwe "Exactly" pointi 1, na nafasi ya kabla na baada ya aya iwe 0. Jedwali lisipokuwa limefika mwisho kabisa wa karatasi, aya hiyo itarudi ukurasa uleule.