Makumbusho madogo ya Tokyo: usiende Jumatatu

Dada, umesema una Jumapili na Jumatatu tu mjini Tokyo, na makumbusho makubwa yamekuchosha. Basi maliza yote Jumapili, maana Jumatatu mengi hufungwa. Jumatatu ikiwa sikukuu, kwa kawaida hufungua, kisha hupumzika kesho yake.

Anza Meguro, kwenye makumbusho ya vimelea yaliyoanzishwa mwaka 1953. Ni ghorofa mbili ndogo, hakuna kiingilio, ila kuna kisanduku cha michango. Usipite kama hujakiona. Kinachovuta watu ni tegu wa mita 8.8 aliyetoka tumboni mwa mtu. Pembeni yake wametundika utepe wa urefu huohuo, uushike mwenyewe uone. Mimi nilidhani nitacheka, nikajikuta nimenyamaza. Kutoka stesheni ya Meguro ni kama dakika 15 kwa miguu. Kula chakula cha mchana baada ya hapo, si kabla, na samaki mbichi waache mpaka usiku.

Ukibaki na nguvu, vuka mji hadi Sumida, karibu na mnara wa Skytree, kwenye makumbusho ya tumbaku na chumvi. Hapo ndipo utaelewa Wajapani, wasio na migodi ya chumvi, walivyohangaika kuichemsha kutoka baharini.

Beba sarafu za yen. Na kabla ya kutoka hotelini, tazama tovuti zao, kwa sababu sehemu ndogo kama hizi hufunga mapema jioni.