Mwanangu kaiba dawa za wazee kwenye gemu, sasa hataki kula

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili wa kiume, naishi Tanga. Mkubwa ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Mdogo ana 11, darasa la tano. Mjomba wao anayefanya kazi Muscat alikuja likizo akawaachia laptopu yake ya zamani ikiwa na gemu ndani. Mkubwa akanasa kwenye moja inaitwa This War of Mine, ya watu waliokwama kwenye mji wenye vita.

Wiki iliyopita ustadhi wa madrasa alimpigia simu baba yake. Mtoto amemuuliza: mtu akiiba dawa ili mwenzake asife, ana dhambi? Ustadhi alidhani tuna mgonjwa ndani tunamficha. Tulipombana akasema kwenye gemu aliingia usiku nyumba ya wazee wawili, mume na mke, akawachukulia dawa na chakula huku yule babu akimfuata nyuma anamsihi. Tangu hapo anadonoa chakula, na usiku mmoja nimemsikia analia.

Baba yake anataka gemu ifutwe na laptopu iuzwe. Anasema mtoto wa kiume halilii katuni, na tena gemu yenyewe inafundisha wizi. Kijana anaomba asinyang'anywe, na kumbe ameshamwomba mjomba wake amletee nyingine, The Last of Us, akija Disemba. Mdogo wake hana matatizo, yeye anacheza zake GTA kwenye kibanda cha gemu akitoka shule na anarudi nyumbani anacheka.

Shangazi, nitajuaje kama mtoto amefikia kucheza vitu vizito namna hii?

Mama wa wawili, Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu.

Umeniandikia barua nzima juu ya mkubwa na sentensi moja juu ya mdogo. Mimi ningegeuza. Anayenitia wasiwasi ni huyo wa darasa la tano.

GTA (Grand Theft Auto, gemu ya majambazi) anayoicheza kibandani itakuwa ama ile ya tano, iliyotoka mwaka 2013, au San Andreas ya 2004 ambayo mpaka leo haijahama vibandani. Zote mbili ni za watu wazima, na hilo limeandikwa kwenye kasha. Kwenye hiyo ya tano kuna mahali mtu amefungwa, na mchezaji mwenyewe, kwa vidole vyake, anachagua kifaa cha kumtesea: koleo la kung'olea jino, spana, maji, umeme. Na mtu huyo alikuwa tayari kusema kila kitu kabla hajaguswa. Walioitengeneza walikusudia kuwakejeli wakubwa wa serikali wanaotesa watu kwa jina la usalama. Baadaye mtesaji mwenyewe anasema wazi kwamba mateso hayaleti habari yoyote ya maana. Mtu mzima anaweza kuiona ile kejeli. Mtoto wa miaka 11, kibandani, maneno ni Kiingereza cha haraka na wenzake nyuma wanapiga kelele amalize zamu yao ifike, anaona koleo na jino. Halafu anarudi nyumbani anacheka, nawe unashukuru Mungu kwamba huyu hana tatizo.

Simlaumu mtoto. Wala sisemi atakuwa jambazi, na hili mwambie baba watoto pia, maana hofu yake ya wizi naielewa. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, ambacho hakijawahi kuzipenda gemu za mapigano, mwaka 2020 kilitoa tamko kwamba ushahidi wa kuzihusisha gemu hizo na uhalifu wa kweli hautoshi. Wanachokiona ni ukali mdogo mdogo, kufokeana na kusukumana. Kwa hiyo wizi uweke pembeni. Ninachouliza ni kingine: mtoto anatoka na nini mle ndani? Mdogo anatoka na kicheko. Mkubwa katoka na swali, tena kalipeleka kwa ustadhi.

Baba yake hajaicheza hiyo This War of Mine, basi nimweleze. Imetengenezwa Warsaw, Poland, ikatoka mwaka 2014, na walioitengeneza waliangalia yaliyowapata raia wa Sarajevo, mji uliozingirwa kuanzia 1992 hadi 1996. Kwenye gemu nyingi za vita mchezaji ni askari. Hapa ni raia wa kawaida: mpishi, mwandishi wa habari, mcheza mpira. Mchana hawathubutu kutoka kwa sababu ya walenga shabaha, kwa hiyo wanatengeneza jiko, wanaziba matundu ya ukuta, wanauguzana. Usiku mmoja wao anatoka kutafuta chochote. Kuna magofu yenye vitu vichache, kuna sehemu zenye watu wenye silaha, na kuna nyumba ya wale wazee wawili, ambao hawana silaha wala nguvu za kumzuia mtu. Ukiwaibia, gemu haikupi adhabu. Haikunyang'anyi pointi, wala haipigi king'ora. Ila wale watu wako wanaanza kuhuzunika. Mmoja anakataa kufanya kazi, mwingine anakaa chini tu. Huzuni ikizidi, mtu anaweza kuondoka, hata kujiua.

Hapo pa kujiua, mdogo wangu, usipapite haraka. Muulize kijana wazi: kuna mtu wako kwenye gemu aliyejiua? Ulijisikiaje? Wazazi wengi huogopa kulitaja neno lenyewe, wakidhani kulitaja ni kulialika. Litaje. Na kama kutokula na kulia usiku kutaendelea wiki nyingine, au akasema lolote la kuchoka kuishi, hapo tena si suala la gemu, mpeleke hospitali akaonane na mtu wa afya ya akili. Kwa ulivyonieleza, sidhani tumefika huko. Nasikia kijana aliyefanya kitu ambacho hakukipenda, na kimemkaa rohoni.

Sasa nije kwa ustadhi, maana hapa ndipo palinipa raha kwenye barua yako. Kijana hakuuliza swali la kitoto. Wanazuoni wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kuna kanuni inayosema dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na ndiyo maana Sayyidna Umar, khalifa wa pili wa Waislamu, mwaka wa njaa kubwa, alisimamisha adhabu ya kumkata mwizi mkono. Lakini kuna kanuni nyingine inayokaa karibu yake: dharura haiondoi haki ya mwenye mali. Yaani umechukua mkate wa mtu ili usife, sawa, hukupata dhambi ya mwizi, ila deni la mkate linabaki shingoni mwako. Sasa mweke kijana mbele ya kanuni hizo mbili na wale wazee. Alikuwa na mgonjwa kweli? Palikuwa na mahali pengine pa kwenda usiku ule? Je, wale wazee nao hawakuwa kwenye dharura ileile? Na deni lao atalilipaje, hasa kama mpaka vita viishe watakuwa hawapo? Mwombe mumeo amrudie ustadhi, amweleze kisa kizima, na amwombe amjibu kijana swali lake kwa urefu. Ustadhi mzuri atafurahi. Wanafunzi wangapi wanamuuliza hukumu ya wizi kwa sababu imewauma?

Swali mtoto analotoka nalo ndilo jibu langu la "nitajuaje", ingawa najua ulitaka namba. Namba zipo. Huko Ulaya, tangu 2003, kuna alama za umri za PEGI: 3, 7, 12, 16, 18. Zitazame kila mara, zinasaidia. Lakini jua zinahesabu nini: damu, matusi, ngono, dawa za kulevya, kamari, vitisho. Hazihesabu ugumu wa swali. Gemu inaweza isiwe na tone la damu na bado ikamuuliza mtu jambo ambalo mimi kwa umri huu silijui jibu lake.

Kwa ugumu wa swali, namna ya kumjaribu mtoto ni kumwambia akusimulie. Usimuulize kama anaielewa, atasema ndiyo. Mwambie: nisimulie ulichofanya jana, na kwa nini. Ambaye bado hajafikia atakusimulia ushindi, nimemuua huyu, nimepita pale, nimepata bunduki ile. Aliyefikia atakusimulia watu. Atasema "mimi" anapotaja alichofanya, halafu atasita mahali, atajitetea, atajirudi. Kusita kule ndiko unakokutafuta. Kingine, tazama kama anaweza kuizima mwenyewe na kuja mezani. Mkubwa wako la kwanza analo kwa wingi. La pili limemshinda kidogo, na hapo unahitajika wewe.

Wazee wetu hawakungoja tufike miaka 18. Mtumbwi unazama, ndani wamo mama yako, mke wako na mwanao, na unaweza kuogelea na mmoja tu: unamchukua nani? Tuliulizwa hivyo tukiwa bado tunang'oka meno ya utoto, tukagombana mpaka usiku, mmoja akalia kwa sababu nduguye alimwacha mama majini. Ila aliyetupa kisa alikuwa amekaa palepale. Aliona nani amelia, akajua wapi pa kusimama na wapi pa kutupa utani tukalale. Kijana wako kapewa kisa kizito kuliko hicho, kapewa na laptopu, usiku, hedfoni masikioni, na hakuna mtu wa kumwambia "haya, tuache hapo kwa leo." Nusu ya kuwa tayari ni ya mtoto. Nusu nyingine ni ya nyumba.

Kwa hiyo usiifute. Ukiifuta sasa, atabaki amewaibia wale wazee na hadithi imekatikia hapo. Lakini pia usimwachie kama alivyokuwa. Serikali ya Poland ilitangaza mwaka 2020 kuiingiza gemu hiyo kwenye orodha ya vitu vya ziada vya kusomea shuleni, na hata wao waliikusudia kwa wanafunzi wa miaka 18. Wako ana 14. Ipumzishe mpaka ale vizuri. Ikirudi, ichezwe sebuleni, kabla ya isha, wewe au baba yake mkiwa pembeni, na hedfoni zikae kabatini. Mwambie akutafsirie kila kinachoandikwa kwenye kioo. Hii nakuomba uishike: gemu hizi zinasema kwa Kiingereza, na mtoto asiyefuata Kiingereza anabaki na risasi tu, kwa sababu risasi haina lugha. Akikutafsiria utajua anaelewa nini na anaruka nini. Baba yake akikaa naye usiku mmoja akatakiwa kuamua nani ale na nani alale na njaa, sidhani atarudia kuiita katuni. Na lile la mtoto wa kiume halii, mwombe aliache. Kijana kawalilia wazee wawili wasio na nguvu, na hilo silioni kuwa aibu ya mwanamume.

The Last of Us, hapana. Si Disemba hii. Ni kazi nzuri, nakubali, na mwisho wake ni kisa cha mtumbwi kabisa: mwanamume mmoja anamuua daktari ili kumwokoa msichana aliyempenda kama mwanawe, wakati kifo cha msichana huyo kingeweza kuleta dawa ya kuponya ulimwengu. Lakini tofauti na hii aliyonayo, pale mchezaji haulizwi. Mikono ni yake, uamuzi si wake. Na kabla ya kufika huko kuna saa nyingi za kunyonga watu kwa karibu mno. Anayelala na njaa kwa sababu ya nyumba moja ya wazee hafai kupelekwa huko mwaka huu. Tukutane tena akiwa na 16 au 17. Mpe sababu hizo kama nilivyokupa wewe, kwa uwazi. Kijana wa namna hii ukimwambia "kwa sababu nimesema" utampoteza.

Mdogo aache GTA, na hapa sina mjadala mrefu. Kumfokea peke yake hakutasaidia, maana kibanda kipo njiani. Nenda mwenyewe ukamwone mwenye kibanda, umsalimie vizuri, umwambie: huyu wangu akija, mpira tu. Wengi wao ni vijana waelewa, wanachoogopa ni kukosa mteja, na hela ya mpira ni ileile. Wakusanye na akina mama wengine wawili watatu wa mtaa mwende pamoja, atasikia haraka zaidi.

Halafu mpigie kaka yako Muscat. Mwambie akutumie majina ya gemu zote zilizomo kwenye hiyo laptopu. Aliziweka kwa ajili yake, mtu mzima anayeishi na wanaume wenzake ughaibuni, na sidhani kama alikumbuka kuzipitia kabla ya kuikabidhi kwa watoto. Orodha ikifika, kaa na mkubwa mzipitie moja moja, yeye akueleze anachokijua kuhusu kila moja, wewe uamue. Laptopu isiuzwe, ana mtihani wa taifa mwaka huu na ataihitaji.