Kabla hujafunga dima kwenye taa za tyubu

Wateja wengi wanaoniita nikawafungie dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga, kwenye ukumbi wenye tyubu huwa wameshanunua ile ya ukutani, ya balbu za kawaida. Nawaambia wairudishe dukani, tuanze na balasti, kile kifaa ndani ya taa kinachodhibiti umeme wa tyubu.

Dima hiyo hukata kipande cha kila wimbi la umeme. Balbu ya waya haisumbuki, maana waya wake hauwahi kupoa. Tyubu inawaka kwa gesi: mkondo ukizidi, ukinzani wa gesi unashuka, na bila kitu cha kuuzuia mkondo ungepanda hadi taa iungue. Kazi hiyo hufanywa na choki, balasti ya zamani ya koili. Ukiikatia tyubu ya choki wimbi, gesi inazimika na kuwaka tena, taa inachezacheza, kisha inakufa.

Balasti ya elektroniki ya kupunguza mwanga hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Huugeuza umeme wa volti 230 kuwa wa moja kwa moja (DC), wa volti 300 na zaidi, halafu transista mbili, yaani swichi za elektroniki, huupeleka huku na huko makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kupitia koili ndogo hadi kwenye tyubu. Kasi ikiongezwa, koili inaubana mkondo zaidi na mwanga unashuka. Naipenda sana mbinu hii: wimbi la umeme wa ukutani halikatwi kabisa ili kupunguza mwanga.

Mwanga ukiwa chini, gesi haizipi joto la kutosha zile nyuzi za kwenye ncha za tyubu. Balasti nzuri huzipasha yenyewe, ndiyo maana kila ncha inapelekewa nyaya mbili. Zikipoa, dawa iliyopakwa juu yake hunyofoka na kuganda kwenye kioo. Ukiona ncha zimeweka pete nyeusi wakati tyubu bado mpya, kagua balasti kabla ya kununua tyubu nyingine. Enajiseva usiifunge na dima yoyote kama boksi halisemi inaruhusu.

Dima ya balasti hizi mara nyingi ni ya volti 1 hadi 10, ina nyaya zake mbili za kuipa balasti amri. Taa ikigoma kufifia, zima umeme kwenye swichi kuu, chomoa nyaya hizo kwenye balasti, washa: mwanga uwe kamili. Zima tena, unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, washa: mwanga ushuke hadi mwisho. Majibu yote mawili yakiwa hivyo, balasti ni nzima. Tafuta kasoro kwenye dima au nyaya zake.