Klachi inalia, karakana inasema haisikii kitu

Salaam ndugu. Nimekuelewa: gari bado lina waranti, klachi inapiga kelele asubuhi, lakini ukilipeleka wanakujibu haisikiki. Langu lilinisumbua hivyo hivyo.

Kwanza jua inalia lini hasa. Weka gia huru, injini ikiunguruma, kisha kanyaga pedali taratibu. Mlio ukianza unapokanyaga na kupotea ukiachia, shuku rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie unapokanyaga pedali. Ikiwa kinyume, yaani unasikika ukiwa umeachia na unanyamaza ukikanyaga, mara nyingi ni beringi ya shafti inayoingia kwenye gia boksi. Kujua kinacholia ni pesa, maana klachi pleti (sahani inayosuguana ndani ya klachi) huhesabiwa kitu cha kulika na waranti nyingi haziilipii, ila beringi iliyokufa mapema unaweza kuidai.

Rekodi video, mguu wako ukionekana kwenye pedali. Halafu liache gari kwao usiku kucha, fundi aliwashe mwenyewe asubuhi. Langu walikuwa wakilijaribu likiwa limeshapata moto, ndiyo maana hawakusikia chochote! Kila unapokwenda, malalamiko yaandikwe kwenye jobu kadi, karatasi ya kazi ya karakana, na ubaki na nakala, hata wasipogusa kitu. Waranti ikiisha katikati, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako.

Kabla hawajashusha gia boksi, wakuandikie nani atalipa kazi ya kufungua wakikuta ni kulika tu. Na tafadhali, usimruhusu fundi wa nje aifungue kwanza. Bila kuusikia mlio siwezi kukuhakikishia ni beringi ipi; ukisharekodi, tuwekee tuusikilize.