Fundi Anajibu: Land Rover ya marehemu mzee inamwaga oili, nishushe gia boksi?

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi nipo Njombe, marehemu baba aliniachia Land Rover Series III ile ndefu, 109, ya 1974, ilikaa bandani kama miaka mitano haijaguswa. Mwaka huu nimeifufua, injini inawaka fresh kabisa, shida ni gia boksi inavuja, asubuhi nikiitoa nakuta madimbwi mawili chini, moja usawa wa miguu ya dereva na lingine nyuma kidogo. Hendibreki nayo imekufa, unavuta mpaka mwisho na gari inashuka tu. Fundi wa gereji niliyoipeleka aliona tone linatoka kwenye katundu kadogo chini kwa mbele, akakaziba kwa bolti na silikoni, dimbwi la mbele likaisha, ila sasa hivi nikipanda mlima injini inapiga kelele na gari haiendi. Anasema gia boksi yote ishushwe, laki sita ya ufundi tu bila spea. Jirani naye ananiambia nisipoteze hela, nitie oili 140 nzito au nichanganye na grisi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi. Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili kwanza. Na kabla hujamaliza kusoma hapa chukua spana uende ukatoe hiyo bolti.

Hako katundu hakakuwekwa pale kwa bahati mbaya bwana. Kapo chini ya lile ganda linalofunika klachi, kati ya injini na gia boksi, na kazi yake ni kutoa nje oili yoyote iliyopenya ili isifike kwenye klachi. Waliotengeneza hizi gari kule Solihull, Uingereza, waliweka na nati yake maalum ya kuziba, lakini hiyo unaifunga pale tu unapovuka mto wenye maji mengi, ukishavuka unaitoa. Sasa fundi wako amekaziba moja kwa moja, oili ikakosa pa kwenda ikajikusanya humo ndani mpaka ikafikia klachi pleti, ndo maana mlimani injini inanguruma gari imesimama, klachi inateleza. Yaani alikuondolea dimbwi akakupa ugonjwa. Weka beseni chini kabla hujafungua maana inaweza kumwagika nyingi.

Na hiyo itakayotoka usiimwage haraka, inuse. Oili ya gia boksi ina harufu kali ya kiberiti, kama yai viza hivi, ukishaijua huisahau. Oili ya injini haina hiyo harufu na ikishatumika ni nyeusi tii. Kama ni ya injini basi sili ya nyuma ya injini ndo imechoka na ungeshusha gia boksi ukabadilisha sili zake zote halafu ukarudi nyumbani na dimbwi lilelile. Nimeona watu wamelipia kazi hiyo mara mbili kwa sababu hakuna aliyeinamisha pua.

Sa tuje kwenye dimbwi la nyuma, na hapa ndo nafurahi maana hendibreki yako imeshasema kila kitu. Kwenye hizi Series hendibreki haipo kwenye magurudumu, ni dramu moja tu imekaa nyuma ya transifa, lile boksi la pili lililoshikana na gia boksi, pale propela ya nyuma, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inapoanzia. Sili ya pale ikikata, oili inarushwa moja kwa moja ndani ya dramu, breki shuu zinalowa, na ndo unavuta mpaka mwisho na gari inashuka. Hiyo sili inabadilishwa gari ikiwa hapohapo ilipo, hakuna cha kushusha gia boksi wala nini. Unafungua propela, unatoa dramu, unatoa kotapini na nati kubwa ya katikati, unavuta flenji, unatoa sahani ya breki, sili unaiona inakutazama. Fundi anayejua anamaliza kwa nusu siku na chai juu.

Ila ngoja, kuna jambo hapa limewahi kunitoa jasho. Nilikuwa kijana wa kushika spana, nikavuta hendibreki ya 109 moja vizuri kabisa, nikapiga jeki gurudumu moja la nyuma, na hazikupita dakika mbili gari ikaanza kutembea. Hendibreki ile inashika propela, sio tairi, ukinyanyua tairi moja difu, zile gia za katikati ya ekseli, inaliachia lizunguke kinyumenyume na lile lililobaki chini linaenda linakotaka. Gari ikaanguka kutoka kwenye jeki, ikakunja ngazi ya mlango, na mimi nilikuwa nimetoka chini yake kwenda kuchukua spana ya 19. Na ukishafungua propela ndo kabisa, hendibreki inakuwa imeshika hewa. Kwa hiyo mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi, yote, hata kama uwanja unauona upo sawa. Njombe kwenyewe wapi kuna sawa.

Ukishatoa flenji pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itadumu wiki moja au mbili alafu utanilaumu mimi. Tafuta flenji nyingine, au ile bushi nyembamba ya chuma inayovishwa juu yake ikafunika mfereji, wauza spea wa Land Rover wanaijua, na ukikosa vyote mwambie fundi aisukume sili kidogo tu ndani zaidi ili mdomo wake ukae pasipolika. Na breki shuu zilizolowa usikubali zioshwe kwa petroli zirudishwe, zile zimeshanyonya oili, leo zitashika na keshokutwa zikipata moto inajitokeza tena. Badilisha.

Kuhusu kujua inavuja wapi kwingine, maana gari iliyokaa miaka mitano haivuji sehemu moja, osha chini yote kwa mafuta ya taa na brashi mpaka uone rangi ya chuma, ikauke, tembea kama kilomita 20, kisha paki juu ya boksi za katoni ulizozitandaza ulale. Asubuhi ingia chini na tochi, fuata unyevu kwenda juu, sio kwenda chini. Oili inatambaa, inashuka ubavuni, inafuata kona inadondokea mbali na ilipotoka, mtu anaona tone anasema sili kumbe ni mfuniko wa juu bolti zimelegea. Angalia na kipumulio kilichopo kwa juu, kikizibwa na tope gia boksi ikipata moto hewa inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili hata zilizo nzima. Gari ya kukaa bandani nyigu wanapenda sana vitundu kama hivyo. Kukizibua ni waya na dakika tano na ni bure, na mafundi wengi hawakigusi, labda kwa sababu ni bure.

Kitu kingine hujakisema lakini nakiotea. Hiyo unayoiita gia boksi ni maboksi mawili yamegandana, gia boksi yenyewe inachukua lita 1.5 na transifa lita 2.5, kila moja na nati yake ya kupimia. Fungua zote mbili gari ikiwa imepoa na imesimama sawa. Zote zinatakiwa oili ifike usawa wa tundu tu. Ukifungua ya transifa ikakurushia oili kama bomba huku gia boksi ipo chini, basi sili ya katikati imekufa na oili inahama chumba. Hii ndo mbaya kuliko madimbwi, kwa sababu nje huoni tone na ndani gia boksi inasaga kavu. Mpaka utakapoitengeneza kazi yako ni kupunguza huku na kuongeza kule, kila wiki, bila uvivu.

Jirani yako sasa. Hiyo 140 asubuhi ya baridi ya Njombe utashindwa hata kuingiza gia ya kwanza, sinkronaiza, vile vipete vya shaba vinavyolainisha gia kuingia, hazitafanya kazi mpaka ipate moto. Grisi ndo usithubutu, gia zinapita mara moja zinachimba njia yao kwenye grisi, grisi inabaki imeganda pembeni haishuki tena, na bearingi za juu zinabaki kavu. Afadhali gia boksi inayovuja na unaijaza kuliko isiyovuja imejaa grisi. Weka EP90 ya kawaida, na kwenye kopo angalia imeandikwa GL-4, hizi GL-5 zilizojaa madukani zina dawa ambazo baadhi yake zinaweza kula shaba ya sinkronaiza, na Series III ina sinkronaiza kwenye gia zote nne za mbele.

Kwa hiyo mpangilio wako: bolti, pua, kipumulio, sili ya nyuma na breki shuu. Hapo hata laki mbili nadhani hujafika. Klachi kama haijaacha kuteleza baada ya oili kutoka, basi ndo itabidi gia boksi itoke kweli, na muulize fundi wako ataishushia wapi, maana kwa kawaida kwenye hizi inatoka kwa juu kupitia ndani ya kebini, unang'oa sakafu na boksi la viti kwanza. Akishangaa hilo swali tafuta mwingine. Ikishatoka badilisha klachi pleti, sili ya mbele, ile sili ya katikati niliyoisema, na sili ya nyuma ya injini ukiwa umeshafika, hizo sili ni hela ndogo na kazi ya kurudi tena humo ndani ni kubwa. Na simama karibu wakati wa kufunga. Gasketi ya karatasi fundi anaikata mwenyewe kwa boksi na kugonga pembeni kwa nyundo, hiyo ni sawa tu nimeifanya maisha yangu yote, silikoni ndo uichunge, inayobaki nje ikiwa nene kama kidole ujue na ndani ipo hivyohivyo inaning'inia ikisubiri kukatika.

SWALI: Fundi salamu kutoka Mombasa. Nina Peugeot 504 ya babangu, gia boksi ilikuwa yatoa tone mojamoja, fundi akanitilia gia oili 90. Sasa tone ni lilelile na gia zaingia kwa tabu sana asubuhi. Tatizo ni nini?

JIBU: Tatizo ni hiyo 90, imwage leo. Gia boksi ya 504 Peugeot waliiundia oili ya injini, ndiyo, ya injini, maltigredi ya kawaida, na ni lita moja na kidogo tu. Gari hizi zilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Tone mojamoja kwa gari ya umri huo mimi singehangaika, pima kila mwezi, ongeza, na siku ukibadilisha klachi ndo utie sili.

SWALI: Fundi, Volkswagen Beetle yangu, ile tunayoiita kobe, inarusha oili kwenye tairi la nyuma la kushoto kwa ndani.

JIBU: Mpira wa mikunjo unaofunika pale ekseli inapoingia kwenye gia boksi umepasuka, angalia utaona mkunjo umechanika. Ipo mipira ya kufunga kwa bolti ndogondogo ambayo haihitaji kutoa ekseli, ila ule mshono usiuelekeze chini. Na bolti zake kaza kwa vidole na spana ndogo, ukitumia nguvu za kukazia nati za tairi utaupasua palepale.